Pikipiki Mlevi

"Imekunywa tena!"

Yuvraj alisema hivyo kabla hata hajazima injini, kwa sauti ya kuwafikia majirani wa pande zote, kisha akashuka na kulipiga teke gurudumu la mbele. Mama yake, Anusaya, alikuwa amekaa barazani akipepeta ufuta wa sikukuu. Aliweka ungo chini. Hakumtazama mwanawe wala hakuitazama pikipiki. Alimtazama mkaza mwana wake, Sunanda, aliyekuwa akikanda unga wa mtama mlangoni mwa jiko.

"Umesikia? Mlevi wa baba yako karudi na kiu."

"Nimesikia, mama."

"Juzi tu kajazwa. Juzi! Hata marehemu mume wangu, aliyekunywa kweli na kuanguka mtaroni, Jumatatu alikuwa akipumzika."

Yuvraj akacheka, akavua miwani yake ya jua, akaingia ndani kutafuta maji ya kunawa. Sunanda aliendelea kukanda. Unga ulikuwa umeshalainika zamani, lakini mikono ilihitaji kitu cha kubana.

Pale kijijini Hirewadi, mtu akinunua pikipiki haulizwi bei wala rangi. Huulizwa, "Inatoa ngapi?" Maana yake, lita moja inakufikisha wapi. Ndilo swali la mwalimu, la kinyozi, la kuhani wa hekalu, na mtu mwenye jibu zuri hutembea kifua mbele kama aliyepata mtoto wa kiume. Yuvraj alikuwa na jibu baya, na jibu lile baya halikuwa lake. Lilikuwa la baba mkwe wake, mzee Ganpat, aliyeitoa pikipiki ile siku ya harusi. Hakuna aliyemwomba. Ilisemwa tu, mara mbili tatu, mbele yake, kwamba kijana anafanya kazi duka la mbolea mjini, njia ni ndefu, na mabasi siku hizi yanajaa. Mzee akaelewa. Akauza kipande cha shamba la miwa, akaleta mashine mpya yenye kioo cha taa kinachoonyesha mafuta na kitufe cha kubadili mwendo: kijani cha kubana mafuta, bluu cha mjini, nyekundu cha mbio.

"Sikiliza," mama Anusaya alisema, akiurudia ungo wake. "Mpigie simu baba yako. Mwambie aje achukue mlevi wake atuletee mashine ya watu. Ile kubwa, anayoisema mumeo. Na iwe kabla sikukuu ya Sankranti haijaisha, maana wanawake wa mtaa mzima wanakuja hapa, sitaki waikute imelala uani na tenki tupu."

"Na kama hana, mama?"

"Basi sikukuu utaila kwenu. Na nauli ya kurudi huku utajua wewe utaipata wapi."

Aliyasema hayo huku akichagua vijiwe katika ufuta, bila hasira yoyote, kama anayeagiza chumvi dukani. Hilo ndilo lililomuuma Sunanda zaidi.

 

Alipiga simu akiwa bombani, ndoo ikijaa. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake zilisikika kengele za mifugo.

"Nilijua itafika hapa. Nimeshaongea na Dilip, yule wa mnadani," mzee akasema. "Atamchukua Gauri."

"Baba! Gauri ndiye anayewalisha."

"Nyati atapatikana mwingine."

"Kwa pesa gani? Maziwa yenu yote ni yake."

"Sunanda, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha kugombana na nafsi yake na kushindwa. "Mdogo wako Rajani anatafutiwa mchumba mwaka huu. Wewe ukirudi hapa na sanduku, nani atabisha hodi kwetu? Niache nifanye. Nitakuja mwenyewe siku ya Sankranti, jioni, na pesa mkononi."

Sunanda alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema kwamba hakuna pikipiki mpya duniani inayolewa namna ile, kwamba kuna jambo hapa halikai sawa. Alizijua pikipiki. Kabla ya kuolewa, ni yeye aliyekuwa akipeleka madumu ya maziwa kwa wateja kila asubuhi kwa ile kuukuu ya baba yake, na kwa kusikiliza injini tu aliweza kujua kama mafuta yatamfikisha nyumbani au atasukuma. Lakini huku ukweni hakuwahi hata kuushika ufunguo. Mama Anusaya alikuwa amesema tangu siku ya kwanza kwamba mwanamke anayeendesha anawaonyesha watu miguu yake bure.

"Sawa, baba," akasema, ndoo ikafurika ikamlowesha sari.

 

Wiki ile ile Yuvraj akaanguka homa, ile ya viungo, inayomkunja kijana kama kibabu. Alilala na blanketi mpaka puani akilalamika kwamba hata nywele zinamuuma. Na siku ya pili ya homa ilikuwa siku ya mama Anusaya kurudi kwa daktari wa macho mjini Kolhapur, aliyemfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho.

Basi la asubuhi lilipita limejaa wavuna miwa mpaka kwenye ngazi. Dereva wa bajaji alitaja nauli, mama Anusaya akamwuliza kama anawapeleka Kolhapur au Bombay. Jamaa akaondoa gari lake huku akicheka. Mama mkwe alibaki kando ya barabara, miwani myeusi ya hospitali usoni, akiwaza. Ubahili na heshima vilipigana ndani yake, na ubahili ukashinda, kama kawaida yake.

"Wewe," akamgeukia Sunanda. "Kile kitu cha uani unakijua?"

"Nakijua, mama."

"Ukiniangusha, nitakufa nikikulaani."

Sunanda alichomeka ufunguo. Kioo kikawaka, na pale pembeni kikajitokeza kitone chekundu. Aliacha mshiko wa gesi utulie, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba, akakishikilia. Kitone kikawa bluu. Akabonyeza tena, kikawa kijani.

"Umegusa nini hapo?" mama Anusaya akaruka nyuma yake. "Usimharibie mtoto wa watu mashine!"

"Si ulisema ni mlevi, mama? Naharibu nini?"

"Mdomo huo. Endesha."

Wakaondoka. Mama alikaa upande upande, mkono mmoja kaukaza kiunoni mwa Sunanda, mwingine kaushika mfuko wa karatasi za daktari, akiita miungu yote aliyowahi kuifukizia ubani. Sunanda hakuvuta gesi ghafla hata mara moja. Alipandisha gia mapema, injini ikiwa bado inanong'ona, na alipoona trekta la miwa limeziba njia na matela yake mawili hakupigania kulipita. Alingoja. Katika kijani mashine ilikuwa nzito kuamka, ukiiomba inafikiri kwanza, na mtu mwenye haraka angeitukana. Kwenye kile kilima cha hekaluni, na uzito wa mama mkwe nyuma, ilianza kugugumia, basi akaipeleka bluu mpaka juu, kisha akairudisha. Upepo ulimpiga usoni. Kwa muda mfupi alisahau kwamba ana huzuni.

Daktari akasema jicho limepona vizuri, akamvua ile miwani. Kwa hiyo waliporudi nyumbani, mama Anusaya alishuka, akajinyoosha sari, akainama kukitazama kioo kwa jicho lake jipya. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hivi vijiti vya mafuta vilikuwa vingapi tulipotoka?"

"Hivyo hivyo unavyoviona, mama."

"Labda kidude kimekufa."

"Hakijafa."

"Basi ni kwa sababu umekwenda polepole kama unapeleka maiti."

"Ndiyo, mama. Nimekwenda polepole."

"Na barabara yenyewe ni mteremko."

"Kwenda na kurudi, mama?"

Mama Anusaya alimkata jicho, lile lile jipya, akaingia ndani. Alikuwa ameelewa. Sunanda aliliona hilo wazi usoni mwake, na akaona pia kwamba kuelewa kule hakutamsaidia chochote, kwa sababu mama yule angemeza ukweli na mfupa wake kuliko kuutema dhidi ya mwanawe.

 

Alimpelekea Yuvraj uji wa mchele. Akaweka bakuli kando ya kitanda, akasema taratibu, kama mtu anayetoa habari njema, "Sikia. Leo nimekwenda Kolhapur na kurudi, tumepanda wawili, na haijanywa. Niliiweka kijani. Ulikuwa umeisahau kwenye nyekundu."

Yuvraj alitoa uso kwenye blanketi. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa homa, lakini ilicheka.

"Nani kakwambia nimesahau?"

"Kwa hiyo unajua."

"Najua. Mimi mtoto? Kijani ni cha wastaafu. Nikiiweka kijani itatoa kilomita sitini kwa lita, mama atafurahi, na mimi nitaizeekea mashine hii kama mjomba wa mtu. Pale kibanda cha chai wenzangu wote wana kubwa." Akajiinua kwenye kiwiko, akaanza uji. "Wacha inywe. Kila nikifika bonde la daraja naivuta mpaka inalia. Mzee wako atachoka kusikia, ataleta."

"Baba anamuuza Gauri."

"Gauri ndiye nani?"

"Nyati wetu wa maziwa."

Yuvraj alicheka mpaka akakohoa. "Basi mwambie akija na hizo pesa aoge kwanza. Asinukie mavi mbele ya wageni wa mama." Akapuliza kijiko. "Na usijisumbue kumwambia mama haya. Atamwamini nani, mimi niliyetoka tumboni mwake, au wewe uliyetoka zizini?"

Sunanda alisimama pale akimwangalia anavyokula uji alioupika yeye. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa amejiambia kwamba mume wake ni mtu wa fahari tu, si mbaya, atakua. Siku ile alimchukia. Alimchukia kwa utulivu, chuki safi isiyotetemeka, na cha ajabu ilimfanya ajisikie mwepesi. Hakutaka aelezwe wala ashauriwe na wazee. Alitaka aumie, tena mbele za watu, kwa njia ambayo asingeweza kuinua mkono.

Akachukua bakuli tupu. "Uji ulikuwa mzuri?"

"Ungetia sukari zaidi," Yuvraj akasema, akajifunika.

 

Wanawake wa huko hawawataji waume zao kwa jina. Mwanamke humwita wake "sikia" au "baba wa fulani", na akiulizwa hospitalini jina la mume, humsukuma mtu mwingine amsemee. Lakini iko sherehe moja ya kubanwa, inayopita nyumba hadi nyumba. Siku ya manjano na kumkumu, ile poda nyekundu, wanawake walioolewa wanapoalikana, kupakana rangi kwenye paji la uso na kupeana vijizawadi, kila mmoja lazima alitaje jina la mumewe ndani ya ubeti. Usipotaja, huondoki. Na likishatajwa, limetajwa. Halifutwi wala halikemewi. Beti nzuri hutembea mtaani mpaka sikukuu ya mwaka unaofuata.

Jioni ya Sankranti nyumba ya mama Anusaya ilijaa. Sari za kila rangi zilikaa mkekani mpaka mlangoni. Vipira vya ufuta na sukari guru vilizungushwa kwenye sinia, kila mtu akimpa mwenzake na salamu ya siku hiyo, "Pokea utamu, nena utamu." Yuvraj, aliyekwisha kupona, alikuwa ametoka na pikipiki kwenda kibandani, maana siku hiyo si ya wanaume.

Mama Anusaya alikuwa na furaha ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba akifurahi husema.

"Msimwone huyu wangu kanyamaza," aliwaambia wageni, akimwelekezea Sunanda kidole chenye manjano. "Baba yake kaniletea mlevi nyumbani. Siyo mtu, pikipiki! Lita inaingia, ukigeuka haipo. Mwanangu mshahara wote anaunywesha mashine."

Wageni wakacheka. Sunanda naye akatabasamu, akazungusha sinia.

Kalpana, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mnene mwenye kicheko cha haraka, alibanwa kwanza. Akajifunika uso kwa ncha ya sari, akajifanya ana haya, kisha akaimba:

"Chai ina tangawizi, sukari nimekoleza;
Jina lake ni Prakash, ndiye anayenipoza."

Vigelegele. Mmoja akauliza kama kweli Prakash anampoza au anamchemsha, wakapigana vibao vya mgongo. Wakafuata wengine, kwa maua, kwa mwezi, kwa taa za hekaluni. Mpaka wakamfikia Sunanda.

"Na mkaza mwana wangu!" mama Anusaya akapiga makofi. "Taja jina! Simama wakuone. Usijifanye mtoto wa shule."

Sunanda aliweka sinia chini. Alijua kwamba baba yake ameshashuka basi njia panda. Mzee alikuwa ametuma ujumbe. Akainua uso, akasema ubeti wake kwa sauti nzuri ya wazi, bila haraka, ili asiwepo wa kuomba urudiwe:

"Kijani hutaka haba, nyekundu hunywa kwa pupa;
Yuvraj ndiye mlevi, baba halipii chupa."

Kalpana akaangua kicheko kilichomwangusha ubavu. "Wee! Mama yangu! Kumbe ndiyo maana kila asubuhi hupita kwetu akivuma mpaka masufuria yanacheza! Prakash huniambia, huyo Yuvraj hawezi kuikalia kijani hata umfunge kamba!"

"Na wangu kasema hivyo hivyo," mwingine akadakia. "Anaivuta pale bonde la daraja kama kaiiba."

"Chupa!" akarudia mwanamke wa tatu, akijifuta machozi. "Baba halipii chupa!" Na tayari wawili kule nyuma walikuwa wanaunong'ona ubeti ule ili waushike vizuri.

Uso wa mama Anusaya ulikuwa umebadilika rangi chini ya manjano. Lakini nyumba ilikuwa yake, wageni wake, na yeye ndiye aliyesema simama wakuone.

Mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Shobha, mke wa polisi, aliyehamia nyumba ya tatu kutoka pale, mwanamke mtaratibu wa maneno machache. Aliuliza kwa upole kabisa, "Kwani, mama, baba yake Sunanda anadaiwa nini?"

Kila mtu mle ndani aliijua sheria inayomfunga anayedai mahari kwa wazazi wa bibi harusi. Kila mtu pia aliijua mahari isiyoitwa mahari, maana wengi wao walikuja nayo. Ndiyo sababu kicheko kilikatika.

"Nani? Anadaiwa na nani?" mama Anusaya akaruka. "Na mimi? Mimi sijamwomba yule mzee hata sindano! Pikipiki alileta mwenyewe kwa mapenzi yake. Sisi si watu wa kudai. Mwulizeni yeyote!"

"Hata nyingine hamtaki?" Shobha akauliza.

"Nyingine ya nini? Mungu apishe mbali! Hii hii inatutosha!"

"Mmesikia, akina mama," Sunanda akasema.

Na hapo hapo mzee Ganpat akakohoa getini. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe na shati la sikukuu lililopigwa pasi kwa nguvu. Alikuwa ameoga. Nywele zake zilikuwa bado na maji ya bomba la njia panda, na Sunanda akaliona hilo. Hakumwambia aoge. Mzee alijua tu, kama siku zote, anavyotazamwa hapo.

Alikuwa na furushi la kitambaa mkononi. Hakutaka kuingia kwenye wanawake, akasimama palepale. "Mama Anusaya, samahani kwa kuwakatiza. Nimeleta ile tuliyo..."

"Baba," Sunanda akamkata, akishuka ngazi. Wanawake wote waligeuka kutazama. "Ulisikia vibaya kwenye simu. Mama hajaomba kitu. Kasema sasa hivi mbele ya wote hawa, mbele ya dada Shobha. Pikipiki ile ile inawatosha. Si ndivyo, mama?"

Mama Anusaya alilitazama furushi. Mtu angeweza kuona alivyolihesabu kwa macho, na alivyoliaga.

"Ndivyo," akasema.

"Mrudishie basi mwenyewe, mama, asije akafikiri ni mimi nakataa."

Mama mkwe akasimama. Akashuka kwa miguu yake. Akaisukuma mikono ya mzee, furushi na vyote, kuielekea kifua chake. "Rudi nazo, ndugu yangu. Nani alikusumbua?"

"Na kwa kuwa baba kamuuza Gauri kwa kusikia vibaya," Sunanda akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na kitu ndani yake kilichomfanya hata Kalpana aache kutafuna, "atalala kwa mjomba hapa mtaa wa pili, na kesho mwanao atampakia mpaka mnadani wakamrudishe. Si ndivyo, mama?"

"Ndivyo! Ndivyo, nimesema!"

"Basi mpe na utamu."

Mama Anusaya alichukua kipira kimoja cha ufuta kwenye sinia, akamtilia mzee Ganpat kiganjani. Salamu ilimkwama, ikatoka kidogo kidogo. "Pokea utamu," akasema. "Nena utamu."

"Na kwako pia," mzee akajibu, macho yamejaa machozi, bila kuelewa lolote.

 

Yuvraj alirudi wageni walipokwisha kuondoka. Ubeti ulikuwa umemtangulia kibandani. Aliingia uani na macho mekundu, akamwendea Sunanda moja kwa moja, mkono juu.

Mama yake akauzuia. "Ushushe. Mke wa polisi yuko nyumba ya tatu, na leo masikio yake yako hapa."

"Kanifedhehesha! Wananiita Chupa! Mtaa mzima!"

"Bado," Sunanda akasema.

"Bado nini?"

"Bado kukufedhehesha. Sikukuu za manjano zinaendelea wiki mbili, na kila nyumba imenialika. Beti ninazo." Akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Yuvraj alimwangalia mama yake. Mama yake aliangalia ufuta uliomwagika mkekani. Ufunguo ukatua kiganjani.

Asubuhi Sunanda aliitoa pikipiki mwenyewe, akaiweka kijani, akamwachia Yuvraj usukani, akampandisha baba yake nyuma na kofia yake nyeupe. "Baba," akasema, "kile kitone ukikiona kinakuwa chekundu, nipigie."

Mzee alikuja kumsimulia baadaye kwamba hawakuonana na upepo siku ile. Walipitwa na mabasi, walipitwa na matrekta ya miwa, walipitwa na mwalimu mstaafu wa hesabu aliyewapungia mkono. Pale kibanda cha chai vijana wote walisimama na glasi zao mkononi. "Chupa!" wakaita. "Inatoa ngapi leo?" Yuvraj hakuwa na mwendo wa kukimbilia. Aliwapita polepole, mmoja mmoja, baba mkwe mgongoni, huku mzee kwa adabu yake akiwasalimu wote.

Dilip wa mnadani alikuwa mfanyabiashara. Alizikubali pesa zake, kisha akataka na nyongeza ya usumbufu, maana nyati alikuwa amekwisha kupata mnunuzi mwingine. Mzee Ganpat hakuwa na cha kuongeza. Yuvraj alisimama hapo katika mavi ya mifugo, kwa viatu vyake vya kazini, mkono wa Dilip ukimngoja, na nyuma yake simu kutoka kwa Sunanda ikilia mfukoni mwa mzee.

Alirudi jioni peke yake. Gauri alikuwa ameshapandishwa kwenye gari dogo kwenda kwao, mzee kakaa naye nyuma akimshika pembe. Yuvraj aliegesha bila kupiga honi. Mama Anusaya, aliyekuwa barazani, aliinama kukitazama kioo, na kabla hajajizuia lile swali likamtoka.

"Imetoa ngapi?"

Yuvraj alikaa kwenye ngazi, akavua viatu. Kwenye kidole chake, palipokuwa na pete ya dhahabu aliyovishwa na mzee Ganpat siku ya harusi, palikuwa na mstari mweupe wa ngozi isiyoona jua. Sunanda aliuona. Aliutazama vizuri, bila kuficha, mpaka akatosheka. Kisha akaenda jikoni akachemsha chai ya tangawizi, akammiminia mama mkwe glasi yake, akamletea mumewe ya kwake.

Yuvraj alipiga funda moja, akasita.

"Haina sukari."

"Najua," Sunanda akasema, akarudi jikoni.